Karata moja, thamani mbili: kwa nini wapenzi wa Magic hawaishi kubishana

Wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya, wakikutana, mabishano hayakawii kuanza, na ukiwa mgeni utadhani wanabishana juu ya ladha tu. Mmoja anadai karata fulani inaua mchezo, ipigwe marufuku. Wa pili anajibu kwamba aliinunua kwa zaidi ya dola 100, sasa aipeleke wapi? Wa tatu anataka ichapwe upya kwa wingi ili kila mtu aipate. Wa nne, mwenye duka, anamtazama wa tatu kama mtu aliyekuja kumvunjia mlango. Wote wanne wameshika kipande kilekile cha karatasi ngumu. Wawili kati yao wanakiona kifaa cha kuchezea, na wawili wanakiona mali. Ugomvi huo ulizaliwa pamoja na mchezo wenyewe mwaka 1993, na asiyeujua chanzo chake atasikia kelele tupu.

Tuanze na karata tulizozizoea. Wazee wanaocheza wahedi wasitini barazani Zanzibar na vijana wanaocheza arobaini na moja chini ya mwembe wote wanatumia pakiti ya aina moja: karata 52 za kopa, uru, pau na shupaza. Pakiti ni rahisi, ikichakaa hununuliwa nyingine. Hajatokea mtu wa kuringa kwamba anayo ree ya shupaza ambayo mwenzake hana. Anayeketi na anayekuja baadaye wanatumia karata zilezile, na kinachowatenganisha ni bahati ya mgao na akili ya mchezaji.

Richard Garfield aliuvunja usawa huo kwa makusudi. Alikuwa mwanahisabati aliyesomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na alikuwa amempelekea Peter Adkison, mkuu wa kampuni changa ya Wizards of the Coast kule jimbo la Washington, mchezo wa ubaoni wa mashindano ya roboti. Adkison aliupenda, ila kampuni haikuwa na fedha za kuchapa ubao na vifaa vyote vile. Akaomba kitu chepesi, kinachobebeka, ambacho watu wanaweza kukicheza haraka wakiwa kwenye foleni za makongamano ya michezo. Garfield akarudi na wazo geni: mchezo wa karata ambamo hakuna watu wawili wenye karata zinazofanana. Kila mmoja ananunua pakiti iliyofungwa, hajui ndani mna nini, kisha anaunda deki yake, yaani rundo lake la kuchezea, kwa alichokipata, alichonunua na alichobadilishana na wenzake.

Toleo la kwanza, Alpha, lilitoka Agosti 1993 likiwa na aina 295 za karata, jumla ya nakala takriban milioni 2.6. Katika pakiti ya karata 15, kumi na moja zilikuwa za kawaida, tatu za wastani na moja tu ya nadra. Ukipiga hesabu, kila karata nadra ya Alpha ilikuwa na nakala kama 1,100 hivi duniani kote.

Garfield hakukusudia unadra huo uwe mtego wa pesa. Alikadiria kwamba mtu atanunua pakiti chache, sawa na anavyonunua mchezo mwingine wowote, halafu basi. Kwa hesabu hiyo, karata kali kupita kiasi ingekuwa moja au mbili katika kundi zima la marafiki. Ingeonekana kwa nadra, ingeleta msisimko, maisha yangeendelea. Kulikuwa hata na kanuni ya kuweka dau: kabla ya kuanza, kila mchezaji anatoa karata moja ya deki yake, na mshindi anachukua zote mbili. Hivyo karata kali zingezunguka mikononi mwa watu. Watu hawakuipenda kanuni hiyo, nayo ikafa mapema. Nadhani walikuwa na haki ya kuichukia, ingawa kifo chake kiliondoa njia iliyobuniwa ndani ya kanuni zenyewe ya kuzizungusha karata bila fedha.

Makadirio ya Garfield yaliyumba ndani ya miezi. Watu hawakununua pakiti chache, walinunua maboksi. Na karata iliyoonyesha tatizo kwa uwazi kuliko zote ni Black Lotus.

Ili kuielewa, shika jambo moja la mchezo. Kila unachotaka kufanya katika Magic kinagharimu mana, yaani nguvu ya uchawi, na mana kwa kawaida hutoka kwenye karata za ardhi. Kanuni inakuruhusu kuweka ardhi moja tu kila zamu. Zamu ya kwanza una mana moja, ya pili mbili, na kuendelea. Ndiyo breki ya mchezo, inayohakikisha joka kubwa halitui mezani kabla mpinzani hajakaa vizuri kitini. Black Lotus haigharimu chochote. Unaiweka mezani, unaitoa mhanga, unapata mana tatu papo hapo. Ukiwa na ardhi moja na Lotus moja, zamu yako ya kwanza ina mana nne, jambo ambalo mwenzako atalifikia zamu ya nne. Mwanzoni hapakuwa na kikomo cha nakala, kwa hiyo aliyekuwa na fedha aliweza kujaza deki Lotus na wenzake. Mwanzoni mwa 1994 kanuni za mashindano zikaja: karata zisipungue 60, nakala za karata moja zisizidi nne, na zile kali mno ziruhusiwe moja moja.

Nguvu ikawa imekutana na unadra katika karata moja, na bei zikapaa. Januari 2021, Black Lotus ya Alpha, ikiwa ndani ya kasha lililowekwa sahihi na mchoraji wake, Christopher Rush, iliuzwa mnadani kwa dola 511,100. Lakini tusirukie huko. Maamuzi yaliyoleta bei hizo yalifanywa miaka ya tisini, karata zilipokuwa zinauzwa kwa makumi au mamia ya dola tu.

Mwaka 1995 kampuni ilitoa toleo lililoitwa Chronicles. Nia ilikuwa njema: wachezaji wapya walikuwa wamefurika na karata za matoleo ya 1993 na 1994 hazikuwatosha, basi zichapwe tena. Zilirudi karata za Arabian Nights, toleo lililochota wahusika wake katika hadithi za Alfu Lela Ulela. (Toleo hilo lilikuwa na karata moja ya Shahrazad inayowalazimisha wachezaji kusimamisha mchezo na kucheza mwingine ndani yake, kama hadithi ndani ya hadithi. Imepigwa marufuku mashindanoni, kwa sababu zinazoeleweka na mtu yeyote anayependa kurudi nyumbani usiku huohuo.) Zilirudi pia karata za toleo la Legends, yakiwemo majoka yaliyokuwa fahari ya wakusanyaji.

Bei za karata zilizochapwa upya zikaporomoka. Wenye maduka waliokuwa na akiba ya karata hizo kabatini walipata hasara, wakusanyaji wakaona wamechezewa, na kampuni ikaogopa kwamba watu wangeacha kununua kabisa: nani atalipa ghali kwa karata ambayo mwakani inaweza kumwagwa sokoni kama njugu? Machi 1996 kampuni ikatoa ahadi ya maandishi. Ikaorodhesha karata ambazo haitazichapa tena kwa namna ya kutumika kwenye mchezo. Wachezaji wanaiita Reserved List, na mimi hapa nitaiita Orodha.

Ahadi ni deni, na deni hili limekuwa zito. Mwaka 2002 karata za kawaida na za wastani za matoleo ya awali kabisa ziliondolewa kwenye Orodha. Palibaki upenyo: karata za kung'aa, zile za toleo la kifahari, hazikuhesabiwa. Kampuni ilipoutumia upenyo huo, wakusanyaji wakalalamika tena, na mwaka 2010 ukazibwa. Leo Orodha ina takriban karata 570, na hakuna inayoongezwa. Kampuni imerudia mara nyingi kwamba haitaivunja. Wachezaji wengi wanaamini nyuma yake kuna hofu ya kushtakiwa na walionunua kwa kuitegemea ahadi. Kampuni yenyewe hailizungumzii hilo kwa kina.

Hapa ndipo mgeni huuliza: kwani ni lazima mtu acheze na karata za 1993? Si lazima, ila anaweza, na huo ndio utamu wa Magic na pia balaa lake. Mgongo wa karata haujabadilika tangu Alpha. Karata iliyochapwa mwezi uliopita na ya miaka zaidi ya 30 iliyopita zinachanganywa katika deki moja na huwezi kuzitofautisha kwa picha ya mgongo. Kwa hiyo michezo imegawanywa kwa mitindo, kila mtindo na umri wa karata unazoruhusu. Standard hukubali za miaka ya karibuni tu. Vintage na Legacy hukubali karibu kila kitu. Na Legacy ndiyo inayoonyesha Orodha inafanya nini: deki nyingi zake zinahitaji ardhi za kale zinazotoa rangi mbili za mana, kama Underground Sea, na ardhi hizo zimo kwenye Orodha. Kwa matumizi ya mashindano zilichapwa mara ya mwisho mwaka 1994, na moja tu inauzwa kwa mamia ya dola. Deki inataka kadhaa. Idadi ya watu wanaoweza kucheza Legacy kwa karata halisi, basi, iliwekewa dari miongo mitatu iliyopita, na kila karata inayoloa maji, kuungua au kufungiwa katika kasha la kioo inaishusha dari hiyo kidogo.

Kampuni ilitafuta njia ya kuzunguka. Mwaka 2011 ilianzisha mtindo wa Modern, wenye karata za kuanzia 2003. Mwaka huo haukuchaguliwa ovyo: hakuna karata ya umri huo inayobanwa na Orodha, hivyo yoyote inaweza kuchapwa tena inapopanda bei. Mwenye kuchukia Legacy husema mtindo huo umekufa. Kwa maoni yangu haukufa kwa kukosa wapenzi. Ulikosa karatasi.

Halafu likaja jambo la 2022 ambalo bado linawatia watu ghadhabu. Kusherehekea miaka 30 ya mchezo, kampuni ilichapa upya karata za Beta, toleo lililofuata Alpha, Black Lotus ikiwemo, kwa mgongo tofauti ili zisiruhusiwe mashindanoni na ahadi ibaki salama. Bei: dola 999 kwa pakiti nne, yaani karata 60 za bahati nasibu, zisizokubalika rasmi popote. Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, hiyo ni kabla ya usafiri na ushuru. Tukio hilo liliumiza kwa sababu lilisema waziwazi jambo ambalo kampuni haipendi kulisema. Siku zote imekwepa kuzungumzia soko la mitumba la karata, kana kwamba haijui kwamba lipo. Lakini huwezi kuuza karatasi 60 kwa dola 999 bila kulitegemea soko hilo. Novemba ya mwaka huo mchambuzi wa Bank of America aliishusha daraja hisa ya Hasbro, kampuni inayoimiliki Wizards tangu 1999, kwa hoja kwamba inachapa Magic kupita kiasi na kuuharibu mchezo kwa faida ya muda mfupi. Wachezaji walicheka kwa uchungu: malalamiko yao ya miaka mingi sasa yalikuwa yakisomwa Wall Street.

Hadi hapa mvutano ulikuwa kati ya kampuni na wateja. Septemba 2024 uliwafikia wachezaji wenyewe.

Mtindo unaopendwa sana siku hizi ni Commander. Deki ina karata 100, kila moja nakala moja tu ukiondoa ardhi za kawaida. Kila mtu ana kiumbe mashuhuri anayeongoza deki yake. Wanacheza kwa kawaida wanne, na kila mmoja anaanza na pointi 40 za uhai badala ya 20. Haukubuniwa na kampuni. Ulianzishwa na wapenzi wa mchezo, ukaenezwa na waamuzi wa mashindano, hasa Sheldon Menery, na kwa miaka mingi kanuni zake zilisimamiwa na kamati ndogo ya watu wa kujitolea. Kampuni ilitengeneza karata za Commander na kuingiza fedha. Kamati iliamua zipi ziruhusiwe, bila mshahara.

Tarehe 23 Septemba 2024, mwaka mmoja baada ya Menery kufariki, kamati ilipiga marufuku karata nne. Ya nne, Nadu, ilikuwa ya bei nafuu na wachache waliililia. Tatu zilizobaki ndizo zilizowasha moto. Mana Crypt haigharimu kitu na hutoa mana mbili kila zamu. Bei yake ya kimchezo ni kwamba kila zamu unarusha sarafu, ukikosea unapoteza pointi tatu. Mbele ya pointi 20, adhabu hiyo inauma. Mbele ya 40 ni kuumwa na mbu. Jeweled Lotus, ya 2020, ni nduguye Black Lotus: bure, mana tatu, ila kwa kumwita kiongozi wa deki tu. Dockside Extortionist humpa mwenyewe hazina, zinazogeuzwa mana, nyingi kadiri wapinzani walivyoweka vifaa vingi mezani. Zote tatu zinaivunja ile breki ya ardhi moja kwa zamu, na hoja ya kamati ilikuwa hiyohiyo: michezo inaamuliwa zamu za kwanza na aliyebahatika kuzishika.

Kimchezo, hoja ilikuwa nzuri. Lakini Mana Crypt ya bei ya chini kabisa ilikuwa inapita dola 100, na Jeweled Lotus haina kazi ya maana nje ya Commander. Kuipiga marufuku ni kuigeuza picha. Zaidi ya hayo, zote mbili zilikuwa zimechapwa upya mwaka 2023 kama chambo cha pakiti ghali. Mtu alikuwa amenunua kwa sababu kampuni ilimwonyesha karata hiyo, mwaka haujaisha vizuri kamati nyingine kabisa ikaizima. Wengine walipongeza, wengine walitukana, na wapo waliofikia kuwatishia wanakamati usalama wao. Tarehe 30 Septemba, wiki moja kamili baadaye, ilitangazwa kwamba usimamizi wa Commander unahamia Wizards.

Huwa nawasikia watu wakiisimulia hadithi hiyo kama ya walafi waliowashambulia watu wema. Vitisho havina utetezi, hilo liko wazi. Lakini aliyepoteza dola mia kadhaa kwa siku moja hakuwa lazima mlanguzi; mara nyingi alikuwa mchezaji aliyeambiwa miaka yote kwamba karata nzuri ni akiba, ukichoka utaiuza. Kamati iliamua kwa kigezo cha mchezo katika ulimwengu uliokwisha kujengwa kwa kigezo cha mali, na haikuwa na mshahara wala mwanasheria wa kuibebea mzigo. Na mabadiliko yaliyofuata yana kasoro yake: sasa anayechapa karata na anayeamua ipi iruhusiwe ni mmoja. Akizuia karata anayoiuza, anajikata. Akiiachia, nani atajua aliiachia kwa ajili ya nani?

Wizards ilijibu kwa kuunda jopo la wachezaji na, Februari 2025, kuleta mfumo wa ngazi tano wa kupima ukali wa deki ili watu wakubaliane kabla ya kuketi. Aprili mwaka huo iliachia karata tano zilizokuwa zimefungiwa. Mana Crypt na Jeweled Lotus hazikuwemo.

Wakati wakubwa wakivutana, mezani watu wamejipatia njia yao: nakala za kuchezea. Unachapa picha ya karata, unaiweka kwenye mfuko wa plastiki mbele ya karata yoyote isiyo na thamani, unacheza. Mashindano rasmi hayakubali, ila vikundi vingi vya marafiki hukubali. Hii si sawa na karata feki, inayotengenezwa ili imdanganye mnunuzi. Hapo ni utapeli, na wapenzi wa nakala ndio wa kwanza kuukemea. Ukitaka kujua mtu anasimama upande gani wa mjadala mzima, muulize tu kama atakubali kucheza na mwenye nakala ya Black Lotus. Anayekataa kwa kusema "inavunja mchezo" anaongea kama mchezaji. Anayekataa kwa kusema "mimi yangu niliinunua" amekwisha kujibu swali.

Je, mchezo wa aina hii unaweza kuwepo bila bahati nasibu ya pakiti? Umewahi kuwepo, na mbunifu wake ni Garfield huyohuyo. Mwaka 1996 alitoa Netrunner, mchezo wa mdukuzi dhidi ya shirika kubwa, ukauzwa kwa pakiti za bahati kama Magic, na haukudumu. Mwaka 2012 Fantasy Flight Games iliufufua kwa jina la Android: Netrunner, safari hii kila pakiti ikiwa na karata zinazojulikana: ukinunua wewe na nikinunua mimi tunapata vilevile. Wapenzi wake walikuwa wakali na waaminifu. Lakini hakuna aliyehitaji kufukuzia pakiti baada ya pakiti, duka halikuwa na karata moja moja za kuuza kwa faida, na makubaliano ya haki za mchezo yalipokwisha mwaka 2018, uchapaji ulikoma.

Wachezaji hawakukubali uzikwe. Waliunda kikundi chao, ambacho sasa kinaitwa Null Signal Games, wanabuni karata mpya, na anayetaka anaweza kupakua mafaili bure akazichapa mwenyewe. Wao pia wana orodha ya karata zilizofungiwa, nao hubishana kila inapobadilika: hii imeonewa, ile ilistahili, nyingine imechelewa kufungiwa. Katika mabishano hayo yote, bei haitajwi.